Mshono Usioonekana katika Sinema

Mwanafunzi wa ufundi wa sinema hufundishwa mapema kwamba picha hupigwa vipande vipande, kisha vipande hivyo hukatwa na kuungwa. Lakini zipo sinema zilizokusudiwa kuonekana kama kipande kimoja tangu mwanzo hata mwisho.

Katika *Rope* ya mwaka 1948, Alfred Hitchcock alibanwa na chombo chenyewe, kwani mkanda wa kamera ulitosha dakika kumi hivi tu. Kwa hiyo, mara kadhaa kamera ilisogezwa hata mgongo wa mwigizaji ukaziba picha nzima, na hapo ndipo kipande kimoja kilipoungwa na kingine.

Katika *1917* (2019), ya Sam Mendes, viungo vimefichwa gizani, nyuma ya kuta na kadhalika. Kimoja tu kimeachwa wazi: askari anazimia, picha inakuwa nyeusi, naye anazinduka usiku. Ni mfano wa masimulizi yanayofululiza kwa vitenzi vyenye *-ka-*, akapita, akaona, akakimbia. Na kule kuzimia ndiko nukta.

Mwaka 2020 sinema hiyo ilishindania tuzo 10 za Oscar ikapata 3, mojawapo ikiwa ya upigaji picha, aliyopewa Roger Deakins. Katika uhariri haikuteuliwa kabisa, ingawa Lee Smith ndiye aliyeviunga vipande vyote hivyo. Kumbe mshono ukiwa mzuri mno, mshonaji husahauliwa. Basi mchunguzi wa sinema hana budi kuangalia hasa pale ambapo jicho halioni kitu.