Kadi ya Grafiki: Tazama Kasi Kabla ya Gigabaiti

Kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zimejaa Kariakoo na kwenye maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Mtu anayetaka kuhariri video, au anayemnunulia kijana wake mashine ya gemu, huuliza swali moja: "Kadi yake ni GB ngapi?" Anajibiwa mbili, au nne, na biashara inakwisha. Swali hilo linawapotezea watu fedha, maana ukubwa wa kumbukumbu ya kadi hausemi lolote kuhusu kasi yake.

Tuanze na kile kinachokuja na mashine yenyewe. Zamani sehemu ya kuchora picha ilikaa katika chipu za ubao mama na ilikuwa dhaifu kweli. Sifa mbaya inayoiandama hadi leo ilizaliwa enzi hizo. Mwaka 2010 Intel ilianza kuihamishia kwenye prosesa, na mwaka 2011, katika kizazi cha Sandy Bridge, ikaungana na prosesa katika kipande kimoja cha silikoni. Tangu hapo tundu la HDMI unaloliona nyuma ya ubao mama ni mlango tu, kazi yote hufanyika ndani ya prosesa. Ndiyo maana Core i5-12400F, kama prosesa nyingine za Intel zenye herufi F mwishoni, haitoi picha kabisa bila kadi. Ryzen 5 5600 ya AMD ni hivyohivyo. Ukivutiwa na bei yake ya chini, jumlisha na bei ya kadi kabla hujafurahi.

Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya mashine. Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo lote. Kijiti kimoja cha DDR4 ya 2400, ya kawaida kwa mashine za kizazi cha saba cha Intel, hupitisha takriban GB 19.2 kwa sekunde, na prosesa nayo inakitegemea hichohicho. Weka vijiti viwili vinavyofanana katika nafasi sahihi, njia zinakuwa mbili na uwezo unafika GB 38.4. Kadi ya GTX 1650 iliyotoka mwaka 2019 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5 hupitisha GB 128, na haigawani na mtu.

Mashine nyingi za mtumba huuzwa zikiwa na kijiti kimoja cha GB 8. Kwa mwenye mashine ya namna hiyo, ushauri wangu wa kwanza ni kuongeza kijiti cha pili. Kitasaidia programu zote, na kwenye gemu nyepesi tofauti utaiona kwa macho.

Sasa itazame GT 1030, kadi ya bei nafuu inayopendwa sana. Ilitoka mwaka 2017 ikiwa na GB 2 za GDDR5 zinazopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likaletwa toleo lenye jina lilelile na GB 2 zilezile, lakini za DDR4, linalopitisha GB 16.8 tu. Hiyo ni chini ya kijiti kimoja cha RAM tulichokitaja hapo juu! Aliyeuliza GB ngapi alijibiwa ukweli mtupu na bado akapata kadi iliyopungua vibaya.

Kwa mhariri wa video kuna zaidi. GT 1030 haina kabisa saketi ya kubana video, wakati prosesa nyingi za Intel zenye grafiki zimekuwa nayo tangu 2011, kwa jina la Quick Sync. Mashine nyingi, ukichomeka kadi, huizima grafiki ya ndani zenyewe. Unalipa fedha ili upoteze kitu ulichokuwa nacho.

Kuna kazi ambazo hazina ujanja, kadi ni lazima: mwanafunzi wa usanifu majengo anayetengeneza picha za pande tatu kwa Blender, mtu wa filamu anayerekebisha rangi kwenye DaVinci Resolve, anayefundisha modeli za akili mnemba, mpenzi wa gemu mpya. Hao wasibanie, ila waulize kwanza habari ya umeme. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu. RTX 4060 inahitaji 115, kwa hiyo inataka waya wake kutoka pawa saplai, na OptiPlex 9020 ya kasha jembamba ina pawa saplai ya wati 255 isiyo na waya huo. Kasha lenyewe hupokea kadi fupi za nusu kimo tu. Kwa mashine hizo, kadi inayowezekana ni kama GTX 1650 ya nusu kimo isiyohitaji waya. Mwenye mpango wa kuweka kadi baadaye anunue tangu mwanzo mashine ya kasha kubwa, hata ikiwa bei imepanda kidogo.

Kadi za mtumba zijaribiwe dukani kabla ya kulipa. Sokoni zimewahi kuzagaa kadi za zamani, kama GTX 550 Ti, zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huzigundua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Hiyohiyo huonyesha aina ya kumbukumbu na kasi yake kwa sekunde. Muuzaji mwaminifu hatakataa uifungue mbele yake. Ukifika nyumbani, chomeka kebo ya skrini kwenye matundu ya kadi, si yale ya ubao mama, la sivyo skrini itabaki tupu, au gemu yako itaendelea kuchorwa na grafiki ya ndani.