Kutoka Idara ya Kiingereza hadi Swali la Fasihi Simulizi: Urithi wa Mwaka wa 1968

Utangulizi

Ni nadra mtahiniwa anayejibu swali la fasihi simulizi katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (102/3) kujiuliza somo hilo lilifikaje darasani. Wengi hulichukulia kuwa orodha ya tanzu na vipera vya kukaririwa. Makala haya yananuia kueleza kazi ya wahadhiri watatu wa Nairobi walioipigania fasihi simulizi, na kuonyesha kiporo walichotuachia sisi walimu wa Kiswahili.

Waraka wa wahadhiri watatu

Mnamo tarehe 20 Septemba 1968, kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, aliwasilisha mbele ya bodi ya Kitivo cha Sanaa maoni kuhusu mustakabali wa masomo hayo. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo, Ngũgĩ wa Thiong'o (aliyejulikana bado kama James Ngugi), Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliyajibu kwa waraka. Walipendekeza idara hiyo ivunjwe na mahali pake iundwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika.

Ni muhimu kuielewa hoja yao barabara. Hawakusema kwamba Shakespeare atupwe. Swali lao lilihusu kitovu: Je, Mwafrika aanze kujitazama kupitia Uingereza, au aanze na mazingira yake kisha atoke kuutazama ulimwengu? Kwao, jibu lilikuwa Afrika kwanza, halafu fasihi nyingine zihusishwe nayo.

Fasihi simulizi ilipewa nafasi kubwa katika waraka huo kwa sababu ingali hai, inaeleza maisha ya watu, na uhuru wake wa utendaji ungeweza kumfunza mwandishi wa kisasa kuthubutu mbinu mpya. Walitaka pia Kiswahili kisomwe, pamoja na Kiingereza na Kifaransa.

Matunda yake

Hatimaye Idara ya Kiingereza iligeuka Idara ya Fasihi, na Ngũgĩ akaja kuiongoza mwaka wa 1973. Mnamo Septemba 1974, walimu na wahadhiri walikutana katika shule ya Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za upili. Mwaka wa 1983 Naomi Kipury alichapisha kitabu kuhusu fasihi simulizi ya Wamaasai. Kwa hivyo, ngano na methali za jamii zetu zilipata mlango wa kuingilia darasani.

Kiporo kilichobaki

Hata hivyo, jina la idara lilibadilika upesi kuliko lugha. Fasihi ya Kiafrika iliendelea kufundishwa hasa kwa Kiingereza, huku Kiswahili kikisomwa katika idara nyingine. Mgawanyiko huo tunauona shuleni hadi leo. Mwanafunzi husoma fasihi simulizi katika somo la Kiingereza, kisha akaisoma tena katika Kiswahili, kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana. Hali kadhalika, mifano anayopewa mara nyingi imetoka kitabuni, ilhali nyanya yake anayo mingine nyumbani.

Hapa Kitengela na Kajiado tumebahatika. Darasa moja huweza kuwa na wanaozungumza Kimaasai, Kikamba, Kikuyu na lugha nyingine, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Chukua mathalan mighani ya Mbatian, laibon mashuhuri wa Wamaasai. Inasimuliwa kwamba alipokaribia kufa alimwagiza mwanawe Senteu aje asubuhi apokee vifaa vya ulaibon. Lenana aliyasikia hayo, akadamka mapema, akapokea yeye; mzee, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, hakumtambua.

Mwanafunzi akiisimulia mighani hii kwa Kiswahili, anaweza kuihakiki kikamilifu. Kwanza, ni mighani kwa sababu inamhusu shujaa wa kihistoria wa jamii. Mbatian na Lenana ni watu walioishi, na vilele viwili vya Mlima Kenya vina majina yao. Pili, maudhui yake ni urithi, hila na uhasama wa ndugu. Tatu, kuna kinaya: aliyeahidiwa hakupata. Nne, ataona yanayopotea katika tafsiri, kama vile kiimbo cha fanani na majibu ya hadhira. Vivyo hivyo, miviga ya Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka wa 2018 kuwa turathi inayohitaji kulindwa kwa haraka, ni mifano iliyo karibu nasi kuliko ile ya kukariri.

Ushauri kwa mwalimu na mtahiniwa

Mwalimu mwenzangu, mtume mwanafunzi nyanjani. Aandike jina la fanani kwa ruhusa yake, mahali, lugha ya asili na hadhira iliyokuwepo, kisha atafsiri kwa Kiswahili sanifu. Nawe mtahiniwa, ukiulizwa sifa za kipera usitaje tu. Toa mfano na ueleze unavyothibitisha sifa hiyo.

Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025. Kumuenzi yeye na wenzake si kukariri tarehe za waraka wao. Ni kulipa darasa la Kiswahili hadhi waliyoidai: mahali ambapo hadithi ya nyumbani inahakikiwa kwa makini kama riwaya teule.

Maswali ya marudio

1. Eleza sababu mbili zilizowafanya wahadhiri hao kuitetea fasihi simulizi. (alama 4)
2. Kwa kurejelea mighani ya Mbatian, fafanua sifa tatu za mighani. (alama 6)
3. "Tafsiri huihifadhi ngano na kuipunguza kwa wakati mmoja." Jadili kwa kutumia simulizi kutoka jamii yako. (alama 10)