Mgeni Ndani ya Boloko Wakati wa Ugonjwa: Sheria Inasema Nini?

Ukisema neno boloko hapa Kisangani, watu wanafikiria mwizi, muuaji, ao mtu aliyekula franga ya wengine. Lakini kuko mtu mwingine anayelala ndani na hajaiba kitu. Ni mgeni ambaye visa yake imeisha, ao pasipoti yake haina muhuri, ao serikali imeamua asiendelee kukaa nchini. Kwa sheria, huyo hatumikii azabu yoyote. Hakuna hakimu aliyemhukumu. Anangojea makaratasi, ao anangojea ndege.

Tunaandika juu yake kwa sababu Korona ilionyesha kitu ambacho wengi wetu hatukutaka kuona: kungojea ndani ya chumba kilichojaa kunaweza kuua. Na mji wetu ni mji wa njia. Kuko mto, kuko barabara ya mashariki, kuko Bangboka. Wageni wanafika, na watoto wetu wanaondoka. Mwenye duka wa huku ni mgeni kwetu. Dada yako aliye kule ng'ambo ni mgeni kwa wengine.

Tuanze na kesi ya kwetu, juu watu wengi wanafikiri mambo ya wageni kufungwa ni ya Ulaya na Marekani tu. Ahmadou Sadio Diallo alikuwa mfanyabiashara wa Guinea. Alifika katika nchi yetu mwaka 1964, kijana wa miaka 17, akafungua kampuni mbili Kinshasa. Serikali na makampuni makubwa walikuwa na deni lake, akaanza kulidai mahakamani. Tarehe 31 mwezi wa kumi 1995 kikatoka kikaratasi cha kumfukuza nchini. Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja akakamatwa. Akakaa ndani mpaka tarehe 10 mwezi wa kwanza 1996. Hesabu mwenyewe: siku 66. Akaachiliwa, kisha akakamatwa tena, na tarehe 31 mwezi huo huo akapandishwa ndege.

Sasa, sheria ya Zaire ya mwaka 1983 juu ya wageni, ile ile iliyokuwa ikitumika siku hizo, ilisema nini? Mgeni anayefukuzwa, kama kuko hofu atakimbia, anaweza kufungwa saa 48. Ikilazimika kabisa, saa 48 zingine zinaongezwa, na zingine tena, lakini jumla isipite siku 8. Siku 8! Yeye alikaa zaidi ya mara nane ya hizo.

Guinea ilipeleka kesi La Haye, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Hukumu ikatoka tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2010. Mahakama ilisema kufungwa kwake na kufukuzwa kwake vilivunja Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, pia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Kikaratasi cha kumfukuza hakikueleza sababu ya kweli, na tume ya uhamiaji ambayo sheria ililazimisha iulizwe haikuulizwa. Tena siku ya kumpandisha ndege, karatasi aliyopewa iliandikwa kama vile anarudishwa mpakani, neno ambalo kwa sheria halina rufaa, wakati huyu mtu alikuwa ameishi nchini zaidi ya miaka 30. Ukitaka kujua neno moja la ofisi linaweza kufanya nini, njo hilo.

Kuko pia jambo la ubalozi. Congo ilijitetea kwamba balozi wa Guinea alikuwa anajua kila kitu. Mahakama ikajibu: haitoshi. Ni aliyekufunga ndiye anapaswa kukuambia, bila kukawia, kwamba una haki ubalozi wako ujulishwe. Mwaka 2012 mahakama ikaamuru Congo ilipe dola 95.000.

Lakini tusiongeze chumvi. Guinea ilisema pia kwamba bwana huyo alitendewa vibaya gerezani, na kwamba alikula kwa sababu ya jamaa zake na avoka wake tu. Mahakama haikupata ushuhuda wa kutosha juu ya kutendewa vibaya. Hata hivyo lile jambo la chakula tulishike vizuri, juu linatupeleka moja kwa moja kwa ugonjwa.

Kila mtu hapa anajua namna mfungwa anakula. Mama anakuja na bakuli, dada anakuja na sabuni, kaka anatafuta dawa. Serikali inatoa kidogo, wakati mwingine hakuna. Mwanzo wa mwaka 2020, mbele Korona haijafika kwetu, makumi ya wafungwa walikuwa wamekwisha kufa Makala, Kinshasa, kwa njaa na kukosa dawa. Gereza hilo lilijengwa kwa watu 1.500, na ndani mulikuwa maelfu. Tarehe 10 mwezi wa tatu mgonjwa wa kwanza wa Korona akatangazwa nchini. Tarehe 24 ikaja hali ya dharura. Ziara za magereza zikafungwa, ili virusi visiingie. Kwa upande wa tiba inaeleweka. Lakini ukifunga mlango wa mgeni mwenye bakuli, na hauongezi chakula cha serikali, umefanya nini? Umekinga mtu na kikohozi, umemwachia njaa.

Na virusi viliingia tu. Mwanzo wa mwezi wa tano 2020, katika gereza la wanajeshi la Ndolo, zaidi ya watu 100 walipatikana navyo. Havikuingia kwa miujiza. Mlinzi analala kwake, anapanda moto ao toleka, anaenda sokoni, kesho anarudi kazini. Ukuta wa gereza unazuia watu, hauzuii pumzi. Kwa kipindupindu ni vile vile: choo kimoja na maji ya kubebwa kwa bido, mtu mmoja akiugua hauhesabu tena siku, unahesabu saa.

Sasa weka mgeni ndani ya chumba hicho. Mama yake iko mbali, hajui hata kama amefungwa. Hasemi Lingala, hasemi Kiswahili, munganga akimuuliza anaumwa wapi anaonyesha kwa kidole. Wote wanateseka, lakini huyu ndiye wa mwisho kupata maji, na wa mwisho kujulikana kama amekufa.

Nje ya nchi haikuwa bora zaidi. Kuko gereza la wageni linaitwa Otay Mesa, karibu na San Diego, Marekani. Mwishoni mwa 2017 mama mmoja Mkongomani aliyeomba ukimbizi alifungwa hapo, na mtoto wake akapelekwa Chicago, mbali kabisa. Kesi yake, inayojulikana kama ya Ms. L., njo ilifanya hakimu aamuru mwaka 2018 familia zilizotenganishwa zirudishwe pamoja. Miaka miwili nyuma yake, gereza lile lile likajaa Korona, na tarehe 6 mwezi wa tano 2020 akafa bwana mmoja wa Salvador, mgonjwa wa sukari, aliyekuwa ameishi Marekani karibu miaka 40. Alikuwa mfungwa wa kwanza wa uhamiaji kule kufa kwa ugonjwa huo. Huko Saudia, maelfu ya Waethiopia waliofukuzwa Yemen kwa kisingizio kwamba wanaleta Korona walisongamana ndani ya vyumba vichafu.

Je, kulikuwa na njia ingine? Ndiyo. Hispania iliachilia wageni wote waliokuwa vizuizini, na mwanzo wa mwezi wa tano 2020 vituo vyake vilikuwa vitupu. Sababu yao ilikuwa nyepesi: mtu anafungwa ili apandishwe ndege; ndege hazirukuki; basi kumfunga hakuna tena maana. Tarehe 31 mwezi wa tatu HCR, OIM, OMS na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha kuomba nchi zote zifanye hivyo.

Mtu atasema: hiyo ni Ulaya, sisi tuko na matatizo yetu. Apana. Fungua Katiba yetu ya 2006, kipengele cha 18. Hakisemi «Mkongomani aliyefungwa». Kinasema kila mtu aliyefungwa atendewe kwa namna inayolinda uzima wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Polisi wasimshike zaidi ya saa 48 bila kumpeleka mbele ya mwenye haki ya kuhukumu. Na kipengele cha 61 kinasema hata wakati wa hali ya dharura, haki ya kuishi, kukatazwa kwa mateso, haki ya kujitetea na ya rufaa haziguswi. Kanuni za Mandela za 2015 nazo zinasema matibabu ya aliyefungwa ni deni la serikali, sawasawa na ya mtu aliye nje, bila kulipa.

Kwa hiyo ukisikia mgeni wa mtaa wenu amekamatwa, hata kama ni mwenye duka tu unayenunua kwake chumvi, uliza mapema: amekamatwa siku gani na saa ngapi? Karatasi iko wapi, na imeandika sababu gani? Ameambiwa juu ya ubalozi wake? Kama ni mkimbizi, usikimbilie ubalozi, juu pengine anakimbia serikali ile ile, tafuta HCR. Munganga amemwona? Andika majibu na tarehe, peleka kwa avoka ao kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu. Na wakati wa ugonjwa, ziara zikifungwa, uliza swali lingine kwa mkubwa wa gereza, kwa heshima lakini kwa sauti ya kusikika: leo nani amempelekea chakula?