Kumbikumbi Hungojewa

Baadhi ya vijana wanaorudi Kwai likizo wanaujua mchezo wa Nintendo uitwao Animal Crossing, toleo la Machi 2020, dunia ilipojifungia kwa Korona. Ndani yake unavua samaki na kunasa wadudu, kila kiumbe kwa mwezi na saa yake. Mchezo wa utulivu. Sina ugomvi nao. Ila asiyetaka kungoja husogeza tarehe ya mashine, na mdudu wa Julai anamtokea Januari.

Huku milimani kumbikumbi hutoka ardhini mvua ikishanyesha, wala hakuna wa kuwaharakisha. Mhubiri, sura ya 3, alilijua hilo. Analijua pia mama mwenye shamba la viazi: mbegu ameshapanda, mawingu yanapita tu, na leo amekuja Misani na sadaka yake.