Mafuta ya Mti Yako Mzizini au Kwenye Mbegu? Swali la Ukambani Linalofika Hadi Malindi

Mvua kubwa ikinyesha Ukambani, haichukui siku nyingi kabla bahari ya Malindi kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Wavuvi wanalijua hilo, na wenye hoteli wanalijua. Udongo ule si wetu. Mto Athi, ambao kwa sehemu ndefu ndio mpaka wa kaunti za Kitui na Makueni, ukishakutana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Majina matatu, maji ni yale yale. Kwa hiyo anayelima hadi ukingoni kule juu anatuhusu sisi huku chini.

Ushahidi tunao, tena umo baharini kwetu. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha utafiti kuhusu tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka, kama pete za mti, na kila tabaka huhifadhi alama ya maji ya wakati wake. Udongo wa mtoni huja na madini ya bariamu. Katika tabaka za zamani bariamu ilikuwa kidogo, kisha ikaanza kupanda mapema katika karne ya 20. Hicho ndicho kipindi ambacho serikali ya kikoloni iliwabana Wakamba katika maeneo yaliyotengwa, watu na mifugo wakazidi juu ya ardhi ndogo.

Siku hizi watafiti wa matumizi ya ardhi hawangoji tumbawe. Wanachukua picha za setilaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972, wanalinganisha mwaka na mwaka: hapa palikuwa kichaka, sasa ni shamba la mboga, hapa palikuwa mchanga, sasa ni shimo la malori. Mchanga wenyewe si takataka. Katika mito ya msimu ya Ukambani, mchanga ndio tangi la maji. Ndiyo maana Kitui wamejenga mabwawa mengi ya mchanga, na Makueni ikatunga sheria yake ya kulinda mchanga mwaka 2015. Kanuni za maji za mwaka 2007 nazo zilitaka ukingo uachwe bila kulimwa, kati ya mita 6 na 30 kulingana na mto.

Lakini sheria haijazi sufuria. Mwenye ekari mbili ukimwambia aache mita 30 zenye unyevu, atakuuliza watoto watakula nini. Anahitaji mti unaomlipa ukiwa umesimama. Hapa ndipo kemia ya mafuta ya mimea inapoingia, na swali la kwanza ni dogo tu: mafuta yako sehemu gani ya mti?

Tuchukue msandali. Sisi watu wa Pwani tunaujua kwa liwa na manukato ya maharusi. Msandali wa nyika zetu, ambao wataalamu huuita Osyris lanceolata, si ule wa India, ila nao una santaloli, kemikali inayoupa mti ule harufu yake. Santaloli imo kwenye kiini cha shina na kwenye mizizi. Ili kuipata, mti husagwa kisha hupitishiwa mvuke. Maana yake ni kwamba mvunaji hakati tawi, anang'oa mti mzima na mizizi yake. Mti huu hukua polepole, hutegemea mizizi ya mimea jirani kupata chakula, na huota kwenye miteremko ya mawe. Ukiung'oa, umeacha shimo linalongoja mvua. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Hata hivyo, shehena zake zimewahi kunaswa bandarini Mombasa. Kwa hiyo tusiwanyooshee kidole watu wa bara peke yao.

Sasa tuchukue mbuyu, ambao umejaa Kibwezi na nyanda za chini za Kitui kama ulivyojaa Kilifi. Mafuta yake yamo kwenye mbegu. Ukiyapima maabara utakuta asidi tatu kubwa: oleiki, linoleiki na palmitiki, kila moja karibu robo hadi theluthi. Ni mafuta mazuri ya ngozi na nywele. Kwa chakula yanahitaji joto kwanza, kwa sababu yana kiasi kidogo cha asidi nyingine zisizofaa mwilini ambazo joto huzipunguza. Na sisi, tukinunua mabuyu ya rangi pale Mombasa, tunafyonza unga na sukari halafu tunatema mbegu. Kumbe tunatema mafuta!

Mbuyu peke yake hauzuii udongo. Nyasi na vichaka vya ukingoni ndivyo vinavyoushika. Lakini mkulima anayepata pesa za mbegu kila msimu hana haraka ya kufyeka hadi majini. Na bei ikiwa duni, hata mti wa mbegu hauna usalama. Mwaka 2022 tuliona Kilifi mibuyu mizima ikichimbuliwa ipelekwe Georgia, mpaka Rais Ruto akaagiza jambo hilo lichunguzwe.

Kwa hiyo ndugu zetu watafiti, pamoja na wale wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza, wana kazi mbili zinazopaswa kuwa moja. Ramani ituonyeshe ukingo upi unaliwa, na maabara ituambie ni mimea gani ya hapo yenye mafuta kwenye mbegu au majani, si kwenye mzizi. Kaunti nazo zisogeze mashine za kukamua karibu na wakulima, ili faida isiishie kwa dalali.

Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na ukuta wa kuzuia tope la Sabaki hakuna awezaye kuujenga. Wewe msomaji, ukiuziwa chupa ya mafuta ya mti sokoni, muulize muuzaji: haya yametoka kwenye mbegu au kwenye mzizi?