Maji ya Mlimani na Meno ya Watoto Wetu

Mwaka jana mwezi wa Agosti nilipata likizo nikasafiri kutoka Shelui kwenda kumsalimia mdogo wangu aliyeolewa Maji ya Chai, mji mdogo chini ya Mlima Meru. Siku moja kabla ya safari, bibi mmoja jirani yangu alinikabidhi dumu tupu la lita 5. Akaniambia, "Mama nesi, niletee maji ya chemchemi za huko. Nasikia yana madini, yanakaza mifupa. Nataka mjukuu wangu anywe."

Mjukuu huyo alikuwa na umri wa miaka 2, na miguu yake ilikuwa imeanza kupinda. Nililipokea dumu, lakini nilirudi nalo tupu. Sababu niliyomweleza bibi yule ndiyo ninayotaka kuwaeleza na ninyi.

Nilichokiona Maji ya Chai

Ukitoka Arusha kwenda Moshi, unapita Usa River, na mbele kidogo unafika Maji ya Chai. Ni mahali pazuri: migomba, kahawa, hewa ya baridi, na mlima wenye urefu wa zaidi ya meta 4,500. Jina la mji limetokana na mto wenye maji ya rangi ya chai. Watu wengi hupita hapo wakielekea Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Lakini mtu wa hospitali hutazama na vinywa vya watu. Niliona watoto na watu wazima wengi wenye meno ya rangi ya kahawia, mengine yana vishimo. Binti mmoja kila alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Mama yake aliniambia kwamba shuleni alikuwa akiambiwa hapigi mswaki, naye akayasugua meno kwa majivu mpaka fizi zikatoka damu. Mtoto huyo hakuwa mchafu hata kidogo. Rangi ile imo ndani ya jino lenyewe. Haitoki kwa kusuguliwa.

Madini hayo ni nini?

Mlima Meru ni mlima wa volkano. Maji ya mvua hupenya katika miamba yake, huyeyusha madini, kisha hutokeza kwenye chemchemi. Mojawapo ya madini hayo ni floraidi. Ikiwa kidogo, floraidi husaidia meno yasioze, na ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Ikizidi, huharibu.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa sehemu nyingine hazikuwa na maji mengine. Baadaye kiwango kikashushwa kuwa 1.5. Mto wa Maji ya Chai umewahi kupimwa na kukutwa na zaidi ya miligramu 10.

Inadhuru namna gani?

Meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi tangu utotoni hadi kiasi cha miaka 8. Mtoto akinywa floraidi nyingi katika miaka hiyo, meno yatatoka yakiwa tayari yameharibika. Mtu akiendelea kunywa maji ya namna hiyo kwa miaka mingi, floraidi hujikusanya katika mifupa: mgongo hukakamaa, shingo hugeuka kwa shida, viungo huuma. Watoto wengine hupinda miguu. Mifupa ikishaharibika hivyo, hakuna dawa ya kuirudisha kama ilivyokuwa.

Basi mnaona: maji ambayo bibi aliyatamani ili yakaze mifupa ya mjukuu wake yangeweza kuidhuru.

Na sisi huku Singida?

Tusiwacheke wenzetu. Mkoa wetu ni mmoja wa mikoa yenye floraidi nyingi katika baadhi ya maji, pamoja na Arusha, Manyara, Shinyanga na mingineyo. Kisima kimoja kinaweza kuwa salama na kingine kilicho jirani kisiwe salama. Macho na ulimi havitambui, kwa sababu floraidi haina rangi wala harufu. Maji meupe pe, matamu, yanaweza kuwa nayo.

Wengi huuliza, "Je, nikichemsha?" Kuchemsha huua vijidudu, wala msiache kuchemsha. Lakini floraidi haitoki. Fikiria sufuria ya maji ya chumvi ikiachwa jikoni: maji yanapungua, chumvi inabaki. Floraidi nayo ni hivyo hivyo.

Tufanye nini?

1. Tuombe kisima kipimwe. Kamati ya maji ya kijiji ipeleke ombi ofisi ya RUWASA wilayani. Hasa pale watoto wengi wa kijiji kimoja wanapoota meno ya kahawia, msisubiri.

2. Maji ya mvua yawe ya watoto kwanza. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya meta 1 ya mraba ya bati hutoa lita 1. Ukivuna vizuri, bati la meta 20 za mraba kwa mvua ya milimita 500 hukupa maelfu ya lita. Watoto wawili wadogo wakitumia lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia uji, miezi 7 ya kiangazi inahitaji lita 1,050 hivi. Mvua ya kwanza ioshe bati, maji yake yamwagwe. Funika tangi, na maji ya kunywa yachemshwe.

3. Tupunguze magadi katika mlenda na maharage. Magadi mengine yana floraidi nyingi. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva bila magadi.

4. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima hicho.

5. Kule Meru kipo kituo cha Ngurdoto kilichofanya utafiti wa kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Njia hiyo inafaa, lakini mifupa huchomwa kwa utaalamu. Msijaribu nyumbani.

6. Mtoto mwenye miguu iliyopinda apelekwe hospitali. Matege yana sababu nyingi, hata upungufu wa chakula bora na wa jua, na baadhi yake hutibika yakiwahiwa.

Bibi jirani yangu alimpeleka mjukuu hospitali akachunguzwa, na sasa anahudhuria kliniki. Dumu lile halikupotea bure. Mvua ziliponyesha alilijaza maji ya bati, akalifunga vizuri, na kila asubuhi uji wa mtoto hupikwa kwa maji hayo.

Ndugu wazazi, jioni hii mwangalieni kila mtoto meno yake. Mkiona madoa, msimgombeze. Ulizeni kwanza anakunywa maji ya wapi.