Kunde, mchunga na tui katika sufuria ya shule

Mlo wa mchana unaojulikana zaidi katika shule za msingi za Mariakani, Pwani ya Kenya, na vijiji vya jirani ni pure, au githeri kama wengi wanavyoiita sasa: mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, yakatiwa chumvi na mafuta kidogo. Mlo huo ulienezwa na mpango wa kulisha wanafunzi ulioanzishwa mwaka 1980 na serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), hasa kwa ajili ya maeneo kame. Mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa kununua chakula karibu na shule, na mwaka 2018 WFP ikaiachia serikali kazi yote. Hata hivyo, vyakula ambavyo Mijikenda, wenyeji wa eneo hilo, wamekula kwa vizazi vingi, yaani kunde, mboga za majani, muhogo na nazi, bado ni adimu katika sufuria za shule.

Pure yenyewe si chakula duni. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, na jamii ya maharagwe inayo kwa wingi. Vikiliwa pamoja kimoja hujaza pengo la kingine. Kunde hufanya kazi hiyohiyo, na kwa Mariakani, ambako mvua ni ya kubahatisha, zinafaa zaidi. Gramu 100 za kunde kavu zina takriban gramu 23 za protini. Huvumilia ukame kuliko maharagwe, huiva upesi jikoni na hivyo kupunguza kuni, tena majani yake ni mboga.

Upungufu wa pure uko kwingine. Haina vitamini A wala C ya kutosha, na madini ya chuma yaliyomo hayaingii mwilini kwa urahisi, kwa kuwa nafaka na maharagwe vina fiteti, kemikali inayoyashika madini hayo tumboni. Kuviloweka usiku kucha na kumwaga maji yake hupunguza fiteti. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzidisha tatizo, kwani tanini zake nazo huyazuia madini ya chuma. Jambo hili ni zito Pwani, ambako malaria na minyoo ya safura humpunguzia mtoto damu. Mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo, ulioanza mwaka 2012, ni nusu ya tiba. Nusu ya pili iko kwenye sahani.

Hapo ndipo mboga za kienyeji zinapohitajika. Majani ya kunde, mchicha, mnavu na mchunga, ambao Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda, huuita mtsunga, yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe, na desturi ya kuziunga mboga kwa tui ilikidhi hitaji hilo kabla ya maabara kulieleza. Ubuyu au kipande cha embe baada ya mlo huleta vitamini C, inayosaidia madini ya chuma kuingia mwilini.

Upishi ndio unaookoa au kupoteza faida hizi. Mchunga ni mchungu, na wapishi wengi huuchemsha, wakamwaga maji yake mara mbili au tatu. Uchungu hutoka, lakini vitamini C na asidi ya foliki hutoka nao. Ni heri kuuchanganya na mchicha au majani ya kunde, kuupika kwa muda mfupi, kisha kutia tui zito dakika za mwisho. Kisamvu hakifuati kanuni hiyo. Majani ya muhogo yana kemikali zinazozalisha sianidi, ambayo ni sumu. Kuyatwanga kinuni huzivunja kemikali hizo, na kuyachemsha kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi huitoa sumu kwa mvuke. Shule isiyo na muda wa kutwanga vizuri isipike kisamvu kabisa.

Swali linalobaki ni kama watoto watakula. Mtoto hujifunza ladha kwa kuionja tena na tena, pengine zaidi ya mara kumi, na shule inayo siku hizo. Japani ni mfano mzuri wa shule kurudisha vyakula vya kienyeji. Mlo wa shule ulianzia huko mjini Tsuruoka mwaka 1889. Baada ya Vita Kuu vya Pili wanafunzi walilishwa mkate na maziwa ya unga yaliyotokana na misaada ya Marekani, na wali ukarudi rasmi mwaka 1976. Leo vyakula vya kila mkoa huingizwa katika mlo wa shule kama sehemu ya masomo. Kenya nayo ina uzoefu wake: juhudi za kuorodhesha na kuhimiza vyakula vya jadi, zilizowahusisha wanafunzi wa jamii za Isukha na Pokot Mashariki, zilitambuliwa na UNESCO mwaka 2021.

Kwa Mariakani, kikwazo kikubwa ni majira. Mboga hujaa wakati wa masika na vuli, kisha hupotea wakati wa kiangazi, ambapo njaa ndiyo kali. Majani ya kunde yanaweza kuchovywa katika maji ya moto, yakaanikwa kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu karotini, na kuhifadhiwa makavu kwa miezi kadhaa.